Leo Hatuli, Bibi

Kanisani kwao kijana akishatumwa misheni huitwa Mzee, hata kama ndevu bado anazitafuta kwa kioo. Ndiyo maana Abednego Kihwele, mtoto wa Tabata, alifika Mpanda na miaka yake ishirini na moja akiitwa Mzee Kihwele, na mwenzake, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa mdogo kuliko yeye, akiitwa Mzee Ilunga. Wenye bodaboda wa mjini walifurahi sana na jambo hilo. Kila walipopita na baiskeli zao walipigiwa shikamoo, na Kihwele akawa anaitikia marahaba bila kutabasamu, wenye bodaboda wakazidi kucheka.

Wawili hao walipanga nyumba Kawajense. Sheria yao kubwa ilikuwa kutoachana: anakokwenda mmoja na mwingine yupo. Asubuhi walisoma maandiko, mchana walitembelea watu wakiwa na mashati meupe, tai, na kibao cheusi cha jina kifuani. Siku nyingine walivaa fulana wakaenda kusaidia watu kazi, kufyatua tofali au kupukuchua mahindi, bila kulipwa hata kidogo. Jumatatu ilikuwa ya kufua na kupiga simu nyumbani.

Kihwele alikuwa mtu wa kutoa. Tangu afike alishagawa mashati, viatu, chandarua na hata pampu ya baiskeli, na hiyo pampu ilimuudhi Ilunga kwa sababu ilikuwa ya Ilunga. Ukimwambia una shida, alikuwa ameshasimama. Mtu angeweza kumwita mkarimu na asiwe amekosea, ila ukarimu wake ulikuwa na upande mmoja tu. Kupokea hakuweza.

Sababu yake ilikuwa ya zamani kidogo. Baba yake alipokufa, mama yake alibaki Tabata na watoto na bila kazi, na kwa muda mrefu walikula sahani zilizokuja zimefunikwa kutoka kwa majirani. Watoto wa majirani hao ndio aliosoma nao. Walijua alikula nini jana, na wakati mwingine walimkumbusha. Alipokua akajiapiza kwamba hatakula tena chakula cha mtu asiye na uwezo, na akaliita jambo hilo huruma. Wakikaribishwa kula kwa maskini yeye ndiye aliyewahi kusema wameshiba, na Ilunga, aliyekuwa hashibi kirahisi, alilazimika kushiba naye.

Kijijini Litapunga walikuwa wakienda kwa Bibi Nyanzala. Alikuwa Msukuma, mama mrefu mkavu wa mwili, aliyehamia huko na mumewe na ng'ombe wao wakati msitu ulikuwa mwingi kuliko mashamba. Mume alikufa. Ndugu zake wakaja kuomboleza, wakaondoka na ng'ombe. Bibi akabaki na shamba la mahindi, nyumba ya tofali mbichi, na macho mekundu yaliyotokana na kupikia mabua na samadi kwa miaka mingi.

Hapo kwenye macho ndipo penye maneno. Sehemu hizi, mwanamke akiwa mzee, mjane, na macho yakawa mekundu, hana haja ya kufanya lolote ili aitwe mchawi. Wapo waliofukuzwa kwenye miji yao, na wapo waliofanyiwa mabaya zaidi ya kufukuzwa. Bibi Nyanzala alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na alijilinda kwa njia moja tu aliyoiweza: alilisha watu. Kila mavuno aliwaita majirani, akapika, wakala mbele ya wenzao. Watu wakila kwake, maneno hukosa pa kushika. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka na hakuna aliyemgusa.

Kihwele hakujua lolote kuhusu haya. Alichokiona ni bibi mmoja fukara mwenye mahindi mengi ya kupukuchua. Walimpukuchulia yote, wakayatia kwenye magunia, na kila siku ya kazi Bibi aliwakaribisha ugali na mlenda, na kila siku Kihwele akasema wameshiba. Jirani mkubwa wa Bibi, Nkwabi, mwenye zizi upande wa pili wa njia, aliwaona wakifika na wakiondoka. Aliona pia kwamba hawakuwahi kunawa mikono pale.

Kazi ilipoisha Bibi akawaambia waje Jumapili mchana. Atapika, na majirani atawaita, kwa sababu watu waliomfanyia kazi kubwa namna ile haiwezekani waondoke mikono mitupu. Kihwele akakubali kwa adabu. Walipofika barabarani Ilunga akasimamisha baiskeli na kumkumbusha kwamba Jumapili hiyo ndiyo ya kwanza ya mwezi.

Kanisani kwao Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga. Mtu haonji chakula wala maji, na kile ambacho angekula hukitoa kwa ajili ya wenye shida. Kihwele alijivunia mfungo kuliko kitu chochote, na mwezi huo alikuwa na sababu ya ziada: mama yake alikuwa na uvimbe tumboni na alikuwa akisubiri kufanyiwa operesheni. Ilunga akashauri warudi wamwambie Bibi ukweli, apike siku nyingine. Kihwele akakataa. Bwana amekataza watu kujitangaza wanapofunga, akasema, na wao watanawa nyuso zao, watakwenda, watasalimia, wataomba pamoja na kuondoka. Bibi ataokoa kuku wake. Ilunga akapanda baiskeli. Kihwele ndiye aliyekuwa kiongozi wa wawili hao.

Jumapili ikafika. Bibi alikuwa ametandika mikeka mbele ya nyumba, na watu walikuwa wengi kuliko Kihwele alivyotarajia: Nkwabi na wazee wenzake kwenye viti, Minza mke wa Nkwabi na wanawake wengine kwenye mikeka, watoto kila mahali. Kuku hakuwa mmoja. Kulikuwa na ugali mweupe mkubwa, na wali, ambao Bibi hakuwa akiula yeye mwenyewe isipokuwa sikukuu. Alichukua jagi na beseni akaja kuwanawisha, akianza na wageni wake wa heshima.

Kihwele akaweka mkono kifuani. "Leo hatuli, Bibi," akasema. "Tumekuja kukusalimia tu."

Alisema kwa upole sana. Bibi akabaki ameinama na jagi lake. Akamgeukia Ilunga, na Ilunga naye akatikisa kichwa akitazama chini. Kutoka kwa Ilunga beseni likaenda kwa Nkwabi, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Nkwabi akamtazama Kihwele, akakitazama kibao kifuani pake, akashusha mikono ya shati tena. Akasema na yeye alikula nyumbani. Mzee wa pembeni yake akasema tumbo lilikuwa linamsumbua. Minza alimwita mtoto wake aliyekuwa amesogelea sinia, akamkalisha mapajani. Kwa muda mfupi kila mtu pale alikuwa ameshiba.

Kihwele aliona watu wamewastahi kwa kutokula mbele yao, na akapendezwa. Akatoa sala ndefu. Njiani kurudi alijisikia mwepesi, midomo imekauka, akimwombea mama yake kila alipokanyaga pedali. Nyuma yao Bibi Nyanzala alifunika masinia moja moja na kuyaingiza ndani, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia kuyabeba.

Wiki zilizofuata walimkuta mara mbili, na mara zote mbili alijibu salamu tu. Kihwele alidhani ni uchovu. Aliyemfungua macho ni Venant, rais wa tawi lao la kanisa. Cheo ni kikubwa lakini tawi lenyewe lilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga, na rais mwenyewe ni fundi baiskeli, Mfipa asiyependa maneno mengi. Walimpelekea baiskeli ya Ilunga yenye tairi la kuvujavuja, kwa kuwa pampu haikuwepo. Venant akafanya kazi yake hadi mwisho, akapangusa mikono, ndipo akasema.

"Yule bibi wa Litapunga anahama. Nyie mmeshamwambia mtaa mzima kwamba chakula chake hakiliki."

Kihwele akaanza kueleza habari za mfungo. Venant akamwacha amalize, maana mfungo aliujua, kisha akamweleza yaliyobaki. Mtoto wa Nkwabi alishikwa na homa siku chache baada ya ile karamu. Homa ni homa, hospitali walisema malaria na akapona, lakini watu walikuwa wameshaona watumishi wa Mungu wawili wakikataa kunawa kwa Bibi Nyanzala, tena si mara moja. Kama hawa wenye kusali kutwa nzima wamehisi kitu, nani mwingine asihisi. Wanawake waliokuwa wakienda naye mashineni sasa wanatangulia. Mtu amechora kitu kwenye mlango wake kwa mkaa. Bibi hakusubiri cha pili. Ana mdogo wake kule Inyonga, na Jumatatu gari la mizigo litampeleka huko, akaishi kwenye pembe ya nyumba ya shemeji. Shamba atamwachia yeyote atakayelichukua.

Ilunga akaenda kuijaribu baiskeli yake. Angeweza kusema mengi na angekuwa na haki. Kihwele alikaa kwenye benchi la fundi, uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze misheni aliona aibu ambayo hakuweza kuipangusa kwa kumpa mtu shati.

Siku hiyohiyo jioni wakaenda kwa Nkwabi. Walipewa viti, wakapewa maziwa ya mgando, na Kihwele akayanywa yote ndipo akaeleza: siku ile walikuwa wamefunga, dini yao ndivyo inavyotaka, Bibi hana kosa lolote. Nkwabi alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza kwa nini mtu aliyefunga asiseme amefunga. Waislamu wa pale wakifunga kila mtu anajua, na wala hawaonekani kujivuna. Akauliza tena, na zile siku za kupukuchua mahindi, walikuwa wamefunga pia?

Kihwele akasema hapana. Akasema walikataa kwa sababu Bibi hana uwezo, waliona si vizuri kumlia chakula chake.

"Kwangu umekunywa," Nkwabi akasema. "Basi, kijana wangu. Maelezo tumeyasikia. Lakini watu hawakualikwa kusikia, walialikwa kuona."

Hakumwita Mzee. Akawasindikiza hadi njiani, akawatakia safari njema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Walipokuwa wakirudi mjini Kihwele alisema watakwenda kula kwa Bibi, tena mbele za watu. Ilunga akauliza lini. Katikati ya wiki watu wote wapo mashambani na machungani, hakuna wa kuona. Wanaopatikana nyumbani ni Jumapili, na Jumapili iliyobaki kabla Bibi hajahama ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Kihwele alikuwa ameshalijua hilo. Operesheni ya mama yake, iliyokuwa imeahirishwa, sasa ilipangwa Jumanne inayofuata, na alikuwa amemwahidi kwenye simu kwamba atafunga kwa ajili yake. Mama alilia kwa furaha kusikia hivyo.

Akamuuliza Venant afanye nini. Venant akajibu kwamba mfungo ni wa mtu na Mungu wake, na yeye ni rais wa tawi tu.

Kihwele alianza mfungo Jumamosi jioni kama kawaida. Asubuhi akaenda kanisani, akasimama mbele ya watu wachache wa tawi kutoa ushuhuda, akasema machache akakaa. Baada ya ibada wakapanda baiskeli. Vumbi la Agosti lilikuwa limetanda njia nzima, na kufika Litapunga ulimi wake ulikuwa umekakamaa.

Bibi Nyanzala alikuwa ameshafunga mizigo. Magunia ya mahindi yalikuwa yameshonwa midomo, sufuria zimefungwa kwenye kanga, mikeka imekunjwa. Mlangoni alama ya mkaa ilikuwa imefutwa kwa udongo lakini ilionekana bado. Aliwatazama bila uadui. Walipomsalimia aliitikia na kuendelea kukaza kamba.

Kihwele hakuwahi kuomba chakula tangu akiwa mtoto.

"Bibi, nina njaa," akasema. "Nimekuja kuomba chakula."

Bibi akaacha kamba. Akauliza kama leo wanakula. Kihwele akasema wanakula. Akaomba msamaha pia, akaanza kueleza tena habari za mfungo, na Bibi akamkatiza kwa mkono. Alikuwa ameambiwa. Nkwabi mwenyewe alipita kumweleza, akasimama njiani akaeleza, na hakuingia.

"Kuku zimekwisha," Bibi akasema. "Kuna michembe."

Akafungua kanga moja, akatoa sufuria, akachukua mfuko mdogo wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo Wasukuma huweka kwa miezi ya njaa. Akawasha moto mbele ya nyumba kwa sababu jiko alishalifunga. Moshi ukapanda. Kihwele akakunjua mkeka mwenyewe, akautandika karibu na njia, mahali ambapo mtu wa zizini, mtu wa kisimani na mtu anayetoka ibadani wote wangeona. Akakaa hapo na shati lake jeupe na tai. Ilunga akakaa ubavuni pake. Watu wakaanza kupita taratibu kuliko ilivyo kawaida ya watu wenye safari. Nkwabi aliegemea zizi lake na hakujificha. Minza alisimama njiani na mtoto mgongoni.

Michembe ilipoiva Bibi aliikoroga na karanga zilizosagwa, akaipakua kwenye bakuli moja kubwa. Akawanawisha. Kihwele alinyoosha mikono yote miwili. Lakini Bibi hakumpa bakuli. Alilishika mkononi akiwa amesimama, akachota kijiko, akala kwanza yeye, taratibu, akitafuna na kumeza, kama mpishi wa pombe anavyoonja mbele ya wageni asiowajua. Akachota cha pili akala.

Kihwele akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna haja.

"Si kwa ajili yako," Bibi akamwambia.

Akamkabidhi bakuli. Kihwele akala. Michembe ilikuwa tamu, na hilo hakulitegemea. Alikula akimfikiria mama yake, na jinsi ahadi yake ilivyokuwa ikiteremka kooni kijiko kwa kijiko. Alimkumbuka pia akiwa amekaa kwenye kigoda kule Tabata na sahani ya jirani mapajani, akila yote bila kuinamisha uso, halafu akiiosha sahani vizuri kabla ya kuirudisha. Siku zote yeye alidhani mama yake hakuwa na aibu. Sasa machozi yakamjaa, akaendelea kutafuna. Alimpa Ilunga, Ilunga akala kama mtu aliyesubiri siku hiyo miezi mingi, akamrudishia. Wakakwangua bakuli hadi likawa jeupe, na Kihwele akaliinua akaomba aongezewe.

"Hakuna," Bibi akasema. "Hiyo ilikuwa ya safari."

Mkono wa Kihwele ulikwenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea, kumtafutia kitu cha kumlipa. Akaugundua ukiwa njiani akaurudisha kwenye mkeka. Amekula chakula cha safari cha mjane, chote, na hana cha kutoa. Akabaki amekaa hivyohivyo na deni lake.

Waliokuwa njiani hawakusogea. Nkwabi alikuwa bado ameegemea zizi. Pengine walikuwa wanangoja kuona kama wale vijana watainuka salama, pengine kama wataamka kesho. Bibi akaliokota bakuli, akalimwagia maji, akaanza kulisuuza ili alifunge kwenye kanga na vyombo vingine.

Minza ndiye aliyeondoka njiani. Hakumtazama mumewe. Aliingia uani, akapita katikati ya magunia, akafungua kanga mgongoni na kumshusha mtoto wake, yuleyule aliyekuwa na homa, akamkalisha kwenye mkeka kati ya wamisionari wawili. Kisha akakaa na yeye, akanyoosha miguu.

"Bibi, na sisi hatujala," akasema.

Bibi Nyanzala akamwambia amesikia mwenyewe kwamba hakuna kitu. Vyote vimefungwa.

"Basi tutangoja upike," Minza akasema.

Bibi alisimama na bakuli likimchuruzika maji miguuni. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaanza kuichezea tai ya Ilunga. Akayatazama magunia aliyoyashona jana kutwa nzima. Kisha akamgeukia Kihwele na kumwambia asikae tu kama mgeni, achukue kisu afungue gunia.

Kihwele akainuka akaenda.